Mama, usikate doti zote

 

Wiki iliyopita tuliongelea mkoba wa leba, na swali lililorudi sana ni moja: nesi, khanga ngapi? Jibu langu ni lile lile, doti mbili au tatu, zimefuliwa, zimekauka vizuri, zimepigwa pasi. Leo nataka kuongeza jambo ambalo halipo kwenye orodha yoyote ya hospitali. Nunua na doti nyingine moja ya uzazi huo, halafu hiyo usiikate. Usimpelekee fundi, usiipasue nepi, usiigeuze kuwa pazia la jikoni. Ikunje, iweke. Naomba uanze kukusanya khanga kama wenzetu wanavyokusanya picha za thamani, maana khanga ni picha ya kuchapa, na ya kwetu.

Mtasema nesi leo kaacha sindano kaingia kwenye sanaa. Diploma yangu ni ya uuguzi, ni kweli. Ila zaidi ya miaka kumi nimepokea watoto kwenye khanga, na nimeona zinakoishia.

Twende taratibu. Duniani kuna watu wanaokusanya picha za kuchapa. Sisemi picha za simu. Msanii anachonga ubao, au anachora kwa sindano juu ya bamba la shaba na kulitia tindikali mpaka mistari izame, kisha anapaka wino, anaweka karatasi, anagandamiza. Picha inatoka. Anarudia, inatoka nyingine. Anaweza kutoa hamsini, mia, hata maelfu, na kila moja inahesabika kuwa kazi yake halisi, siyo fotokopi. Rembrandt wa Uholanzi alifanya hivyo kwa mabamba ya shaba miaka ya 1600. Wajapani walifanya kwa mbao, kila rangi na ubao wake.

Mjapani mmoja, Hokusai, karibu mwaka 1831 alitoa picha ya wimbi kubwa linalotaka kumeza mashua, mlima Fuji ukionekana mdogo kule nyuma. Hata kama hujui jina umeshaiona, ipo kwenye fulana na makava ya simu pale Kariakoo. Ilipotoka ilikuwa picha ya bei rahisi, mtu wa kawaida anainunua. Wakabandika, zikapauka, zikachanika, zikatupwa. Mwezi Machi 2023 nakala moja ya picha hiyo iliuzwa kwenye mnada wa Christie's kule New York kwa dola milioni 2.76. Jamani, picha iliyotolewa kwa maelfu! Imepata bei hiyo kwa sababu zile nyingine zilikwisha, na hiyo kuna watu waliiweka, mmoja akampa mwingine, karibu miaka mia mbili.

Sikuahidi kwamba doti yako itakununulia kiwanja Kigamboni. Nataka tu uone jinsi kitu cha kila siku kinavyopotea haraka kwa sababu ni cha kila siku.

Sasa chukua khanga uliyojifunga hapo ulipo, itandaze kitandani. Kuna pindo linaloizunguka pande zote nne. Kuna mji, pale katikati. Kuna maneno, ambayo wengine wanaita jina. Mchoraji alikaa akapanga hivyo vyote vikae sawa, na kiwandani kila rangi ilipita zamu yake, kama zile mbao za Wajapani. Ukiangalia vizuri khanga nyingine utakuta rangi imehama kidogo, nyekundu imeingia kwenye nyeusi. Dukani tunaikataa tunasema mbovu. Wakusanyaji wa picha wanapenda kasoro kama hizo, zinawaonyesha mkono wa kazi. Pembeni ya kitambaa mara nyingi utakuta jina la kiwanda au la mwenye mali na namba ya mtindo. Khanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza 1887, zinajulikana mpaka leo kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla". Hiyo ni sahihi, kama msanii anavyoweka yake chini ya picha.

Na historia yake si ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1800 mitindo ilikuwa inabuniwa kwa kufuata matakwa ya wanawake wa Unguja na Mombasa, nguo zinachapwa Uholanzi na Uingereza, zinarudi kwa meli. Baadaye zikachapwa India na Japani. Ndiyo, Japani ile ile ya Hokusai iliwahi kuchapa khanga za bibi zetu. Maneno ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, hizi tunazosoma sisi zikaja baadaye. Kisha tukaanza kuchapa wenyewe: Urafiki pale Ubungo, kiwanda kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na KTM ya Mbagala, ambayo wengi wenu mnaijua zaidi kama kituo cha daladala.

Kuna kipande cha historia hiyo kinachonigusa kuliko vyote. Unguja utumwa ulipigwa marufuku kisheria 1897. Wanawake waliotoka utumwani walikuwa wamezoea kuvaa merikani isiyo na rangi au kaniki nyeusi, nguo zilizomwambia kila mtu hali yao. Walipopata vijisenti vyao walinunua khanga. Rangi, maua, pindo. Mwanamke anapita barabarani na hakuna anayeweza kumsoma kwa nguo kwamba jana alikuwa mali ya mtu. Halafu leo mtu ananiambia khanga ni ushamba, yeye mtoto wake atampokea kwa blanketi lenye dubu. Blanketi lete, sikatazi. Ila ushamba, hapana.

Hapa Dar tumeshawahi kuchapa picha hata za karatasi. Nyumba ya Sanaa, aliyoianzisha sista Jean Pruitt mwaka 1972, vijana walifundishwa kuchora kwenye bamba na kuchapa kwa wino. Robino Ntila alijulikana kwa kazi hizo. George Lilanga, Mmakonde wa kusini, naye alichapa mashetani yake yale yenye masikio makubwa yanayocheka na kucheza. (Lilanga alisumbuliwa na kisukari miaka mingi, mwishoni akakatwa miguu, akafariki 2005. Nesi siwezi kupita hapo bila kusema: pimeni sukari, hasa nyie wajawazito mnaoruka kliniki.) Wanunuzi wa kazi zile wengi walikuwa wageni, na kazi ziliondoka nao. Ukitaka kumwonyesha mwanao picha ya Lilanga, uwezekano wa kuikuta Ulaya ni mkubwa kuliko kuikuta sebuleni kwa mtu Temeke. Khanga nazo zimeanza. British Museum ya London inazo, zimeandikwa zilikotoka, zimekunjwa vizuri kwenye makabati. Sisi tunafutia baiskeli.

Nirudi wodini sasa, maana huko ndiko hoja yangu ilikozaliwa.

Khanga ndiyo kitu cha kwanza mtoto anachokigusa akitoka kwa mama yake. Tunamkausha nayo, tunaitupa ile iliyolowa pembeni, tunamfunika kwa nyingine kavu. Akizaliwa njiti, wa kilo moja na nusu hivi, tunamweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na kumfunga kwa khanga, huduma ya kangaruu ile, anakaa hapo siku na wiki, khanga inafanya kazi ya tumbo. Nimeona mama anaingia na khanga imeandikwa "Nani kama mama", uchungu umemshika, anaing'ata. Halafu asubuhi vurugu: nguo zimechanganyikana, ndugu anakusanya haraka haraka, nyingine imebaki chini ya kitanda, nyingine imeenda na mashuka, nyingine ina damu basi imetupwa. Hakuna anayehesabu. Tuna haraka ya kumwona mtoto, na ni haki yetu.

Ila si kila mama anarudi na mtoto. Alikuwepo mmoja, sitasema wapi wala lini, mwanawe aliishi saa chache tu. Siku ya tatu alirudi pale wodini kwa miguu yake, hajalalamika, hakuuliza faili wala dawa. Aliulizia khanga. Ya njano, ina embe kwenye pindo. Tulitafuta kufuliako, tukatafuta stoo, hatukuipata. Hakuwa na picha ya mtoto hata moja, simu yake ilikuwa imezima siku ile. Akasema alikuwa ameacha kipande cha pili nyumbani, basi atakaa na hicho. Nilishukuru Mungu kwamba doti huwa na vipande viwili.

Tangu siku hiyo kila mama ninayemkuta kliniki namwambia: kimoja njoo nacho, kimoja acha nyumbani. Na ukiweza, acha doti nzima.

Najua mtakachonijibu. Wa kwanza atasema nesi hela ya doti ya kuweka natoa wapi, na ya kuvaa yenyewe nimekopa kwenye kikoba. Nakuelewa. Basi usinunue. Zile unazoletewa kwenye hongera ya uzazi zinafika ngapi? Mashangazi, mawifi, majirani, wengine wanaleta mtindo ule ule mara tatu. Chagua moja humo. Wa pili, na huyu mara nyingi ni mume, atasema chumba kimoja, watu wanne, unakusanya matambara. Shemeji, doti moja iliyokunjwa haizidi unene wa daftari lako la madeni. Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito: khanga imetengenezwa ivaliwe, ukiifungia umeiua. Nakubaliana naye nusu. Bibi akivaa khanga mpaka ikawa laini kama ulimi, hiyo ndiyo heshima yake. Ndiyo maana sisemi weka zote. Nasema moja kwa kila jambo kubwa: uzazi, ndoa, msiba, siku mtoto alipoanza shule. Mwaka 2008 Obama alipochaguliwa zilitoka khanga zenye sura yake na maneno ya hongera, mtaani kila mtu kajifunga. Jaribu kuitafuta leo iliyo safi. Waliokuwa nayo walideki nayo nyumba.

Ukiamua, angalia unachokusanya. Khanga ya pamba inakunywa maji; dondoshea tone, likikaa juu kama kwenye nailoni, hiyo ni polista. Au chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inanukia kama karatasi na kubaki jivu, polista inayeyuka na kufanya gololi ngumu. Polista usimfunge nayo mtoto mchanga kwa joto letu hili, haikaushi na inamchemsha.

Doti ya kuweka iache imeungana kama ilivyotoka dukani. Ikiwa ni ile uliyoitumia leba, damu itoe kwa maji ya baridi na chumvi mapema, maji ya moto yanaifunga. Jik usiguse. Anika kivulini. Usiifungie kwenye mfuko wa nailoni, unyevu wa Dar utaiotesha ukungu. Ifunge kwenye kipande cha shuka jeupe, na kila baada ya miezi michache itoe, ikunje upya kwa mikunjo tofauti isikatikie pale pale. Kwenye karatasi andika tarehe, mtoto gani, nani alikuletea, na maneno yake uyaandike pia, maana herufi ndizo zinaanza kupauka. Usiandike kwa kalamu juu ya nguo. Weka karafuu kwenye kitambaa kidogo, zinasaidia kufukuza wadudu na zinanukia vizuri.

Hapa naomba mnisome polepole. Vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini, vyenye harufu kali, naftalini, visikae na nguo yoyote itakayomgusa mtoto mchanga. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na pwani yetu hii hawapo wachache. Mtoto wa hivyo akifunikwa nguo iliyolala na naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka, akawa manjano ghafla, na manjano ikizidi inaharibu ubongo. Kufua mara moja si kinga ya kutegemea. Bibi akitoa khanga ya ukoo sandukuni kwa mapenzi yake yote amfunike mjukuu, ipokee kwa mikono miwili, mshukuru, inuse. Ikiwa na harufu ile, itundike ukutani muitazame, mtoto mfunike nyingine.

Na ukiona macho ya mtoto au nyayo zake zimekuwa njano, au analala sana na hataki kunyonya, usisubiri makala yangu. Panda bajaji uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Manjano nitaiandika kwa kirefu Jumatano ijayo, pamoja na habari ya kumwanika mtoto juani ambayo mmeniuliza sana.