NYUMBANI: Mafunzo ya Smong

Katika kisiwa cha Simeulue, nchini Indonesia, wazazi huwarithisha watoto neno moja: smong, yaani wimbi la tsunami. Kumbukumbu hiyo yatokana na msiba wa mwaka 1907, nayo huimbwa hata mtoto abembelezwapo. Mafunzo yake ni mafupi: ardhi ikitetemeka kwa nguvu, kisha maji yakapwa ghafla, usiokote samaki; kimbilia mlimani.

Tarehe 26 Desemba 2004 wimbi lilifika dakika chache baada ya tetemeko. Nyumba nyingi zilibomoka, lakini kati ya wakazi wapatao 78,000 walikufa 7 tu; mkoani Aceh kwa jumla waliangamia zaidi ya laki moja.

Mzazi wa pwani asingoje king'ora. Na amwonyeshe mwanawe njia ya mlimani leo, bahari ingali shwari.