Kijana anataka kusomea gesi, tumwambieje?

Jirani yangu ana kijana aliyemaliza kidato cha sita. Kijana ameng'ang'ania shahada ya uhandisi wa petroli na gesi, hataki kusikia kingine. "Shangazi, kiwanda cha Lindi kikianza mimi nitakuwa nimeshaiva," ananiambia. Baba yake hataki. Ana mpwa aliyesomea gesi, leo anaendesha bodaboda.

Wakaniomba ushauri, ikabidi nisome kwanza.

Tusichanganye mambo: gesi ya mtungi wa jikoni siyo ile iliyogunduliwa baharini Lindi na Mtwara. Hiyo ya baharini, ili ipakiwe melini, hupozwa hadi nyuzi joto 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika, na ujazo wake hupungua karibu mara 600. Mtambo wa kazi hiyo ndio unaopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, kwa makadirio ya dola bilioni 42. Makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell yalisainiwa Juni 2022. Ujenzi bado.

Na soko halitusubiri. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, Ujerumani ilikuwa imezoea gesi ya Urusi ya bomba na haikuwa na hata kituo kimoja cha kupokea gesi ya meli. Desemba mwaka huohuo ikafungua cha Wilhelmshaven, ambacho kwa kweli ni meli maalumu iliyofungwa gatini, inayopasha ile gesi moto na kuisukuma kwenye mabomba ya nchi kavu. Mnunuzi anaweza kuharakisha hivyo. Muuzaji hawezi: mtambo wake hujengwa kwa miaka kadhaa, na mwenye fedha hataki kuanza kabla ya kupata wanunuzi wa muda mrefu. Wakati huo Marekani imekuwa muuzaji mkubwa kuliko wote duniani mwaka 2023, na Qatar inapanua uzalishaji wake kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi milioni 142 ifikapo 2030. Majirani zetu Msumbiji walikuwa wameshaanza kujenga, mashambulizi ya Palma ya Machi 2021 yakasimamisha kazi.

Kwa hiyo nilimwambia kijana asome, ila asisomee kiwanda kimoja. Mitambo kama hii huajiri maelfu wakati wa ujenzi, ikishawaka hubaki na mamia tu. Mhandisi wa mitambo au umeme, hata fundi wa kuchomelea mwenye cheti kinachotambulika, ataitwa Lindi siku ikifika, na isipofika atakula kwingine. Petroli anaweza kuiongeza kwenye shahada ya pili. Baba mtu naye nilimwomba aache kumtolea mwanawe mfano wa bodaboda kila wakila chakula cha usiku. Kijana wa watu anakonda.

Jana nimeoneshwa maombi ya chuo. Chaguo la kwanza uhandisi mitambo, la pili petroli na gesi. Dirisha halijafungwa, na baba yake ananiuliza kama hilo la pili linaweza kufutwa.