Michezo ya vyuo vikuu vya Goma na Rutshuru isingoje amani kamili

Kila mara mtu anapotaja mashindano kati ya wanafunzi wa vyuo vya Goma na wenzao wa Rutshuru, jibu huwa lilelile: ngojeni kwanza amani irudi. Ni jibu linalosikika kuwa la busara. Hakuna mzazi anayependa mtoto wake apande basi kwenda kucheza mpira wakati hajui barabara itakuwaje jioni. Lakini Rutshuru inangoja tangu mwaka 2022, na wahenga walishasema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bunagana ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022. Kijana aliyepata diploma ya Serikali mwaka ule na kuingia chuo kikuu miezi michache baadaye amepitisha miaka yote mitatu ya kwanza ya masomo yake ndani ya vita. Akiambiwa angoje amani ndipo acheze voleyi kwa jina la chuo chake, siku amani itakapofika atakuwa mtu mzima mwenye watoto. Shamba likikosa kulimwa msimu huu hulimwa msimu ujao. Miaka ya uanafunzi haina msimu ujao.

Ugumu wa mwaka 2025 haufichiki. Rutshuru-katikati na Kiwanja vilikwisha kutwaliwa mwishoni mwa Oktoba 2022, na maelfu ya watu wa teritwari hiyo walikimbilia Kanyaruchinya, kwenye lango la Goma upande wa kaskazini. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Uwanja wa ndege ukafungwa. Benki zikafunga milango. Mwezi wa Februari kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zikavunjwa, na familia zikabeba mahema na masufuria yao kurudi vijijini ambako wengi hawakukuta nyumba. Tarehe 6 Februari Stade de l'Unité ilijaa watu hadi kwenye kuta, lakini hapakuwa na mechi. Ulikuwa mkutano wa hadhara wa AFC/M23.

Halafu ikaja Julai. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilitangaza mwanzoni mwa Agosti 2025 kwamba raia wasiopungua 319 waliuawa kati ya tarehe 9 na 21 Julai katika vijiji vinne vya teritwari ya Rutshuru. Ofisi hiyo iliwataja wapiganaji wa M23 wakisaidiwa na jeshi la Rwanda. M23 na Kigali walikanusha. Wengi wa waliouawa walikuwa wakulima waliokwenda kupiga kambi shambani wakati wa kilimo. Katikati ya siku hizo, tarehe 19 Julai, wajumbe wa Kinshasa na wa AFC/M23 walikuwa Doha wakitia sahihi tamko la kanuni za kuelekea amani.

Kwa hiyo anayeuliza, «Michezo ya nini wakati watu wanakufa?» hana kosa. Swali lake linastahili jibu, tena jibu lisilo la kejeli. Jibu lianze kwa kukubali kwamba mpira haumfufui mtu, haurudishi shamba, wala haumlipii mwanafunzi minervali. Anayeahidi kwamba mashindano ya vyuo yataleta amani Kivu ya Kaskazini anauza maneno. Vita vya mashariki ya Kongo vina sababu zake, nazo zitatatuliwa mezani na kwa haki, si kwa penalti.

Hata hivyo kuna jambo ambalo vita hulifanya polepole bila kupigiwa picha: kuwatenganisha vijana waliosoma pamoja. Aliyebaki Rutshuru anaitwa mtu wa kule. Aliyekimbilia Goma, kisha Goma nayo ikachukuliwa, anaangaliwa kwa jicho la mashaka na waliokimbilia Beni au Kinshasa. Kila mmoja anasikia habari za mwenzake kwenye WhatsApp, na habari zenyewe mara nyingi ni za chuki, za kabila gani limefanya nini. Goma na Rutshuru-katikati vimetenganishwa na kilomita zipatazo 70 tu kwenye barabara ya taifa namba 2, kupitia Kibumba, Rugari na Rumangabo. Mzigo wa maharage na ndizi unapita. Wafanyabiashara wanapita. Kama gunia linapita, ni vigumu kueleza kwa nini ekipe ya wanafunzi kumi na wawili ishindwe hata kufikiriwa.

Kuna wanaodhani kwamba tatizo hili la kupanga michezo katika mwaka mbaya ni la Waafrika peke yao. Si kweli. Shirikisho la michezo ya vyuo vikuu vya Ulaya, EUSA, lililoanzishwa mwaka 1999 na lenye makao yake Ljubljana, Slovenia, lilikuwa limepanga michezo yake mikubwa ifanyike Belgrade, Serbia, Julai 2020. Korona ikafunga mipaka. Michezo ikasogezwa mwaka mzima, na Julai 2021 ikachezwa Belgrade hapo hapo. Michezo ya dunia ya vyuo vikuu iliyopangwa Chengdu, China, mwaka 2021 ilisogezwa mara mbili, ikafanyika hatimaye kati ya Julai na Agosti 2023. Lucerne, Uswisi, haikuwa na bahati: michezo yake ya majira ya baridi ilifutwa mwishoni mwa Novemba 2021, zikiwa zimebaki chini ya wiki mbili ifunguliwe.

Kinshasa nayo inaujua mwendo huo. Michezo ya Francophonie iliyokuwa ifanyike 2021 ilisogezwa, ikasogezwa tena, mpaka ikachezwa kuanzia tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti 2023.

Ni kweli kwamba virusi si sawa na bunduki, na Belgrade haikuwa na mstari wa vita katikati ya mji. Ulaya ina bima, ina mabasi, ina fedha za kurudisha pale mambo yanapoharibika. Hayo hayawezi kuigwa Goma. Kinachoweza kuigwa hakigharimu kitu: kulikuwa na kamati yenye majina, iliyotangaza tarehe, na iliposhindwa ilitangaza kwamba imeshindwa na kutaja tarehe nyingine. Hata Lucerne ilifuta kwa tangazo. Mashariki ya Kongo mambo ya wanafunzi mara nyingi hufa bila kuzikwa. Hakuna anayesema yamefutwa; watu huacha tu kuyataja. Na jambo lililokufa kimya ni gumu kulifufua, kwa sababu hakuna anayejua nani alikuwa analishika.

Mfano wa karibu zaidi hauko Ulaya. Katika mwaka huohuo wa 2025 mtihani wa Serikali, Exetat, ulifanyika hata katika maeneo yaliyo chini ya AFC/M23, ukiwa ni mtihani wa taifa, wa wizara ya Kinshasa. Pande mbili zilizokuwa zikipigana zilikubali kwamba mtoto wa darasa la mwisho asipoteze mwaka. Hakuna aliyesema kwamba kufanya mtihani Goma ni kuutambua utawala wa mtu. Watu walielewa kuwa karatasi ya mtihani ni ya mtoto. Kama karatasi iliweza kuvuka mstari wa vita, mpira nao unaweza, kwa masharti.

Na masharti ndiyo kiini cha jambo hili, kwa sababu hatari kubwa ya michezo katika wakati kama huu si barabara peke yake. Ni kutumiwa. Kila mwenye bunduki anapenda uwanja uliojaa vijana wanaoimba. Picha ya wanafunzi wakishangilia Rutshuru inaweza kurushwa jioni hiyohiyo kuonyesha kwamba mambo yote ni salama, kwamba vijiji vya Binza havina makaburi mapya. Upande mwingine nao unaweza kuichukua picha ileile na kuwaita vijana hao wasaliti. Wanafunzi wakiingia katika mtego huo, heri wasicheze.

Sharti la kwanza basi ni kwamba mashindano yawe ya wanafunzi na walimu wao wenyewe. Kamati moja, yenye watu kutoka vyuo vya Goma kama UNIGOM na ULPGL na kutoka taasisi za elimu ya juu za Rutshuru na Kiwanja, ndiyo itangaze, ndiyo ialike, ndiyo ijibu maswali ya wazazi. Wenye mamlaka waombwe jambo moja tu: waache basi lipite. Pasiwe na hotuba ya mwanasiasa wa upande wowote kabla ya mechi wala baada yake. Pasiwe na mtu mwenye silaha ndani ya uwanja, wala meza ya kuandikisha vijana nje ya lango. Mchezo uanze kwa dakika ya kimya kwa ajili ya waliokufa. Dakika hiyo itatosha kumwambia kila mwenye kamera kwamba mambo si sawa na kwamba wachezaji wanajua.

Sharti la pili ni la barabara. Siku tatu kabla ya mechi kamati ikae na iamue kwa kura, baada ya kuwauliza madereva na watu wa mashirika ya kiraia wanaoijua njia. Basi liondoke asubuhi na lirudi kabla ya giza. Njia ikiwa mbaya, kusiwe na ushujaa: kila upande ubaki kwake. Hata hapo siku isipotee. Mbio za mita 100, mita 1500 na kuruka mbali vinaweza kufanyika siku moja Goma na Rutshuru, waamuzi wakapima kwa saa na kwa futi, kisha matokeo yakaunganishwa kwa simu. Mshindi atajulikana hata kama hakuonana na aliyemshinda. Si sawa na kukutana, lakini ni zaidi ya kukaa nyumbani.

Sharti la tatu linahusu wasichana. Vita hivi vimewaumiza wanawake wa Rutshuru na Goma kwa namna ambayo kila hospitali ya jimbo inaijua. Ni rahisi kusema kwamba kwa usalama wao wavulana wacheze kwanza, wasichana watafuata mambo yakitulia. Wakiachwa nje mara ya kwanza, ndio utakuwa mtindo. Heri mashindano madogo yenye ekipe mbili za wavulana na mbili za wasichana kuliko kombe kubwa la wavulana watupu. Na kama njia si salama kwa wasichana, si salama kwa mtu yeyote.

Sharti la nne ni fedha. Benki zikiwa zimefungwa, fedha za wanafunzi zinapita kwenye simu au mkononi, na hapo ndipo shaka huanza. Dawa yake ni ya zamani: karatasi ibandikwe ukutani, chuo hiki kimetoa kiasi gani, mafuta yamegharimu kiasi gani, maji kiasi gani. Mashindano ya kwanza hayahitaji medali wala jezi mpya. Yanahitaji mipira, filimbi, basi, chakula cha mchana na watu wa Msalaba Mwekundu wenye kisanduku cha dawa. Kuhusu maradhi, Goma haihitaji mwalimu. Mji ulioishi na ebola tangu Julai 2019, ukapita korona na kisha mpox, unajua kuweka ndoo ya kunawa mikono penye lango.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mengi mno kwa ajili ya mechi chache. Labda. Lakini yatazamwe tena: kamati inayochaguliwa na kuwajibika, hesabu zilizobandikwa ukutani, uamuzi wa kusafiri unaopigiwa kura, mwamuzi ambaye neno lake linakubaliwa hata na aliyeshindwa. Kijana anayejifunza mambo hayo akiwa na miaka 21 atayahitaji akiwa na miaka 40, atakapokabidhiwa usultani wa Bwisha, hospitali au wizara. Mambo hayo hayafundishwi vizuri ubaoni. Hufundishwa pale ambapo kuna kitu cha kupoteza, na kupoteza mechi ni funzo rahisi kuliko mafunzo mengine yote ambayo Kivu ya Kaskazini imewapa vijana wake.

Teritwari ya Rutshuru ina mji mzima unaoitwa Kiwanja. Dunia imeusikia kwa mauaji ya Novemba 2008, kisha kwa kutwaliwa kwake mwaka 2022. Wanafunzi hawawezi kulifuta hilo. Wanaweza kukaa kikao kimoja mwezi huu, kuandika majina ya wanakamati na kutaja Jumamosi moja. Ikishindikana, watangaze imeshindikana, na wataje nyingine.