Hazina za Kibera Zisipigwe Picha Upande Mmoja

Likitajwa jina la Kibera huku kwetu pwani, wengi huwaza mabati yaliyobanana, matope na kelele za siasa. Ni wachache wanaokumbuka ya kwamba jina lenyewe ni la Kinubi, Kibra, yaani msitu, na kwamba waliolitia ni Waislamu wenzetu, askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Mwingereza tangu mwisho wa karne ya 19. Baadhi yao walipitia Mombasa katika kikosi cha East Africa Rifles, kilichoundwa 1895. Kuanzia 1902 wakawa katika King's African Rifles, ile ambayo wazee wetu wakiiita Keya.

Leo sitaki kuzungumza juu ya siasa za Kibera. Nataka kuzungumza juu ya mali ya Wanubi isiyotajwa sana: vitu vya kale vilivyomo majumbani mwao, na kazi ya kuvipiga picha kabla havijapotea.

Nimebahatika kukaribishwa katika nyumba za Makina, sehemu ya Kibera wanakoishi Wanubi wengi. Mgeni akishakirimiwa, na mwenye nyumba akiridhika naye, huvutwa sanduku la bati kutoka uvunguni mwa kitanda. Humo mna mambo ambayo maktaba nyingi hazina: vyeti vya kustaafu jeshini, vibali ambavyo jeshi liliwapa askari wapate kukaa na kulima Kibra, nishani zenye sura ya mfalme, picha za harusi za kina mama waliojifunga gurbaba, na makawa yaliyosukwa kwa rangi nyingi, ambayo mwanamke wa Lamu angeyajua matumizi yake bila kuambiwa.

Kilomita chache kutoka hapo, katikati ya jiji, lasimama jengo la Maktaba ya McMillan, lenye simba wa mawe mlangoni. Lilifunguliwa 1931, na aliyelijenga ni Bibi Lucie McMillan kwa ukumbusho wa mumewe, Sir Northrup McMillan, aliyekufa 1925. Bwana huyo alipigana Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki, dhidi ya majeshi ya Mjerumani yaliyoongozwa na von Lettow-Vorbeck. Askari wa Keya walipigana vita hivyo hivyo, porini mule mule. Mmoja akapata jengo la mawe, ambalo kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kukaa na kusoma ndani yake. Wengine wakapata sanduku la bati.

Maktaba hiyo sasa ni ya umma, na mnamo 2018 shirika la Book Bunk lilianza kuitengeneza pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na kunakili vitabu, magazeti na picha zake za zamani. Hiyo ni kazi njema, nasi twaishukuru. Lakini yaliyomo sandukuni nani atayaorodhesha?

Si kwamba hapana aliyejaribu. Mnamo 2011 mpiga picha wa Kimarekani, Greg Constantine, alitoa kitabu juu ya Wanubi wa Kenya, akaziweka picha zake mwenyewe pamoja na picha za kale zilizokuwa zimehifadhiwa na familia. Tangu hapo kamera zimekuwa nyingi, na kila kijana anayo moja katika simu yake. Hatari iliyopo sasa ni kudhani ya kwamba kitu kikishapigwa picha kimeshahifadhiwa.

Chukua mfano wa nishani. Mpiga picha mwenye haraka huilaza juu ya kitambaa, akapiga sura ya mfalme, akaenda zake. Sura hiyo ni ile ile katika mamilioni ya nishani za Vita Kuu ya Kwanza. Lakini zile za fedha zilipigwa chapa ukingoni: namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake. Huko ukingoni ndiko aliko babu wa mtu. Ukingo hauonekani mpaka nishani isimamishwe, igeuzwe kidogo kidogo, na mwanga uijie kutoka ubavuni, kwani taa ya kamera hung'arisha fedha na kuyafunika maandishi.

Karatasi nayo ina mgongo. Mara nyingi nyuma ya cheti ndipo palipo mhuri wa pili, au tarehe iliyoandikwa kwa kalamu. Nyuma ya picha ya harusi huwapo jina la studio na mwaka. Anayejua kazi hupiga mbele na nyuma, huweka rula pembeni ili ukubwa ujulikane, na huandika papo hapo ni kitu gani, cha nani, na nani aliyeeleza. Kawa halina maandishi kabisa; maandishi yake ni ulimi wa bibi aliyelisuka. Asipoulizwa leo, kesho litaandikwa "kifuniko cha Kiafrika", basi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na picha bila maelezo ni mali bila daftari.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa thamani ya karatasi. Mara ngapi kijana wa Mji wa Kale au wa Lamu ameombwa vyeti vya babu yake kabla ya kupewa kitambulisho? Wanubi wameyaonja hayo hayo, na zaidi. Mnamo Machi 2011 Kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Mnamo Januari 2020, katika kesi ambayo shirika la Nubian Rights Forum la huko huko Kibera lilikuwa mmoja wa walalamishi, Mahakama Kuu iliizuia Huduma Namba isiendelee mpaka pawepo sheria ya kutosha. Na Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondoa uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa waombaji wa vitambulisho wa sehemu za mpakani.

Ya ardhi ni hivyo hivyo. Mnamo 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi ekari zipatazo 4,200 za Kibra kuwa za askari hao. Hatimiliki waliyopewa Wanubi mwezi Juni 2017 ni ya ekari 288. Kwa watu kama hawa, kibali cha babu si pambo la ukutani. Ni shahidi, na shahidi huyu huungua, hulowa na huliwa na mchwa. Mnamo Julai 2018 matingatinga yalibomoa maelfu ya nyumba Kibera ili kupisha barabara. Mtu anayeamshwa alfajiri na tingatinga huokoa watoto kwanza. Sanduku hufuata likijaaliwa.

Kwa hiyo picha zapasa kupigwa. Swali ni zitakaa wapi. Lamu yatupa mfano mwema: hati za Msikiti wa Riyadha zilinakiliwa kwa kamera chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na hati zenyewe zikabaki Lamu. Lakini Oktoba 2023 wahalifu wa mitandao waliivamia maktaba hiyo kubwa ya London, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi. Ikiwa London yenyewe haikusalimika, nakala isiwekwe mahali pamoja tu, tena ng'ambo.

Wapo wazee wanaokataa kamera, nao wana haki. Namba ya hati yaweza kutumiwa na matapeli wa ardhi. Picha ya harusi ya mama haikupigwa ili itazamwe na watu baki. Nionavyo mimi, mwenye nyumba na aulizwe juu ya kila kitu: hiki kionyeshwe, hiki kipigwe picha kisha kifungiwe, hiki kisiguswe. Na apewe nakala ya karatasi mkononi mwake, si ahadi. Nakala ya pili ikae katika maktaba ya umma ya Kibera, na ya tatu katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, zote zikiwa na maelezo kwa Kinubi na Kiswahili, maana wajukuu wa wenye nishani ndio watakaokuja kuzitafuta.

Nasi wa pwani tusikae tukawatazama Wanubi kama sinema. Makasha yetu yana barua, hati za nyumba na picha za safari za Hija zilizokwisha kupauka. Mzee aliye hai ajua majina ya wote waliosimama katika picha hiyo. Na aulizwe leo, mmoja mmoja, kuanzia kushoto.