Aya si Embe la Kuchuma

Umezuka mtindo wa kusoma maandiko ambao unastahili kukemewa kabla haujawa mila. Mtu huchuma aya moja, kama achumaye embe lililoning'inia chini, akaitia chumvi na pilipili ya maneno yake, akaila papo hapo. Habari ya mti hanayo. Aya hiyo hubandikwa kwenye kioo cha daladala, hutumwa kwenye simu kila alfajiri, na mhubiri huipigia kelele saa mbili nzima. Iliyoitangulia haikusomwa, itakayoifuata haitasomwa. Na wapenzi wa mashairi wasicheke pembeni, kwani Mwana Kupona naye amefanyiwa hayohayo: utendi wa mama mgonjwa anayemwusia bintiye, uliojaa dua na hofu ya mauti, umepunguzwa ukawa beti chache za kumnyamazishia bibi arusi.

Dhidi ya uchumaji huu ipo hoja kongwe, nayo imehifadhiwa na Mayahudi. Taurati, yaani vitabu vitano vya Musa, wameigawa mafungu 54, na kila fungu huitwa parasha. Kila Sabato ina fungu lake, na mengine huunganishwa mawili mawili ili yaenee mwaka. Katika sikukuu ya Simhat Torah husomwa maneno ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati, na papo hapo Mwanzo huanzwa upya. Hakuna fungu linalorukwa kwa kuwa halipendezi. Orodha za koo zimo, sheria za ukoma zimo, vipimo vya hema vimo, na aibu za mababu zimo. Msomaji hapewi ruhusa ya kuchagua. Ni andiko linalomjia yeye, lilivyo, kwa zamu yake. Msomaji wa visiwani, aliyelelewa na juzuu 30 na khatma, hana haja ya kufafanuliwa adabu hiyo.

Hilo si kusoma kwa kukariri, kama wanavyodai wasiojua. Talmudi inamtaka kila mtu alipitie fungu la juma mara mbili kwa lugha ya asili na mara moja kwa tafsiri. Katika masinagogi ya kale mfasiri alisimama ubavuni mwa msomaji, akaigeuza aya kwa aya katika Kiaramu ili watu waelewe. Basi tafsiri ilikuwa sehemu ya ibada yenyewe, wala haikuwa hisani kwa wasiosoma. Kisha huja mabishano: watu wawili, andiko moja mbele yao, kila mmoja akimdai mwenziwe ushahidi. Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, bado hukalishwa katika kikao hicho kila juma, naye hupingwa kama aliye hai.

Wapo watakaosema mambo hayo ni ya Mayahudi na hayana mizizi huku. Wakaulize Mbale, Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari na mtawala, alivisoma vitabu vya Musa katika tafsiri na akakataa kuyaruka yale ambayo wamisionari walimtaka ayaruke. Akatahiriwa yeye na wanawe, na ikazaliwa jamii ya Abayudaya, ambayo ilistahimili hata marufuku ya Idi Amin katika miaka ya 1970. Mtu aliyesoma kitabu kizima alibadili maisha yake yote. Mchuma aya hajawahi kubadili chochote, kwa sababu huchuma lile tu alilokwisha kuliamini.

Lakini shauri lenyewe si la Mbale. Ni la Bariadi, na mkoa wote wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Nchi hiyo si ngeni kwa Maandiko. Nassa, kandokando ya Ziwa Victoria, katika wilaya ya Busega ya leo, ilipata kituo cha misheni mwaka 1888. Waadventista Wajerumani walifika Ntuzu na Kanadi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na waumini wao hujifunza somo la Biblia la juma, Sabato kwa Sabato. Wakatoliki wana masomo yao ya Jumapili yanayozunguka kwa miaka mitatu. Agano Jipya la Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Je, ni nini basi kinachokosekana?

Kinachokosekana ni mabinti wa Selofehadi. Habari zao zimo katika sura ya 27 ya kitabu cha Hesabu. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, mabinti watano wa baba aliyekufa jangwani bila mtoto wa kiume, walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na kusanyiko lote, wakadai ardhi miongoni mwa ndugu za baba yao. Musa hakuwa na jibu. Hakuwafukuza, wala hakuwaambia kwamba mila ni mila. Alilipeleka shauri kwa Mungu, na hukumu ikarudi kwamba mabinti wamesema kweli, na sheria ikabadilishwa. Kwa Mayahudi habari hii imo katika parasha iitwayo Pinhas, ambayo aghalabu huangukia Julai. Apende asipende, mzee wa sinagogi hukutana na mabinti hao kila mwaka. Katika masomo ya Jumapili ya Wakatoliki sura hiyo haimo. Somo la Waadventista mara nyingi hupangwa kwa mada, na mada ina mpangaji. Ama mchuma aya, huyo hatafika kwenye Hesabu milele, kwani hakuna kalenda inayouzwa kwa aya za mirathi.

Na mirathi, katika nchi ya Wasukuma, si jambo la kale. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti katika daraja la tatu la warithi, na ardhi ya ukoo zikamwachia aitumie tu, bila ruhusa ya kuiuza. Mjane hakupewa fungu ikiwa mumewe ameacha ndugu. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili walionyimwa urithi kwa mila ya Kisukuma, wakafukuzwa na wakwe pamoja na watoto wao wadogo, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba mila hazibadilishwi kwa tamko la jaji. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya karatasi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliamua kwamba haki zao zimevunjwa.

Pambanua hapo, msomaji. Musa, mtoa sheria mwenyewe, aliposhindwa aliuliza. Waliokuja baada yake, walipokiri ubaguzi, waliogopa. Ni wangapi kati ya waliokaa vikao vya ukoo katika Maswa, Meatu na Itilima wakigawa mashamba ya pamba ya marehemu, huku Biblia imewekwa mezani kwa ajili ya sala ya kufungulia, waliopata kuisikia sura ya 27 ikisomwa kwa sauti?

Atainuka mtu aseme kwamba Roho ndiye achaguaye aya. Mbona basi Roho huyo huchagua daima zile zinazompendeza mchaguzi? Atainuka mwingine, mjuzi zaidi, aseme kwamba kitabu hichohicho, katika sura ya 36, kinawarudi mabinti: wazee wa ukoo walilalamika kwamba ardhi itahamia makabila mengine, na mabinti wakaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Ni kweli. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kusoma kwa utaratibu. Mchuma aya wa mrengo wa wanawake angeficha sura ya 36. Mchuma aya wa mrengo wa wazee angeificha ya 27. Asomaye fungu kwa fungu hukutana na zote mbili, na hapo hulazimika kufikiri: wazee walipewa sharti la ndoa, lakini urithi wa mabinti haukufutwa. Hilo ni jambo la kubishania usiku kucha, na mabishano si ugeni kwa Wasukuma. Watu walioanzisha Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana kwa nyimbo baada ya mavuno, hawahitaji kufundishwa namna ya kujibizana.

Hakuna anayewataka watu wa Simiyu wawe Mayahudi. Wanachotakiwa ni kuiga adabu moja: kusoma kitabu kama kilivyopangwa, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, mfasiri akiwa amesimama ubavuni, wanawake wakiwa wameketi mbele na wana haki ya kujibu. Julai, pamba inapouzwa na ngoma zinapolia, ndio wakati wake. Kikao kimoja cha ukoo kitakachoanza kwa Hesabu 27 na kumalizika kwa 36, bila kuruka neno, kitawafaa mabinti wa Bariadi kuliko aya elfu za alfajiri.

Anayeogopa kusoma ukurasa unaofuata asidai kwamba anakiheshimu kitabu.