Macho yanayovimba asubuhi, na damu inayoganda kwenye figo

Mtoto anaamka uso umevimba, macho hayafunguki vizuri. Jirani anasema ni mzio, mwingine analaumu vumbi la malori ya Tunduma. Kufika jioni uvimbe umeshuka miguuni, nyumba nzima inapumzika. Siku chache baadaye mkojo unatoa povu jingi lisiloisha haraka.

Figo hizo zinavujisha protini. Madaktari huita hali hiyo sindromu ya nefrotiki, na huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6. Uvimbe unajulikana, kinachojulikana kidogo ni kwamba damu ya mtoto huyo huganda kirahisi. Kati ya protini zinazopotea zimo zile zinazozuia damu kuganda, huku ini likiongeza zile zinazoigandisha. Bonge likiziba vena ya figo, mshipa unaotoa damu kwenye figo kuirudisha kuelekea moyoni, figo hujaa na kuvimba.

Hapo mtoto hulia ubavu unauma, mkojo ukawa mwekundu au rangi ya chai ya rangi. Wapo wasioonyesha dalili, hasa watu wazima, mpaka kipande kimeguke kiende kwenye mapafu na pumzi ibane ghafla. Hiyo ni dharura.

Kosa linaloumiza zaidi ni kununua dawa za kukojoza dukani ili uvimbe ushuke. Uvimbe utashuka kweli, lakini damu itazidi kuwa nzito. Kuharisha nako hufanya vivyo hivyo. Kijiti cha kupimia protini kwenye mkojo ni kipimo rahisi, cha dakika chache. Kianze hicho kabla ya dawa yoyote.

Bonge lenyewe huonekana kwa ultrasaundi inayofuatilia mwendo wa damu, na mgonjwa anaweza kupewa rufaa hadi Mbeya, takribani kilomita 100 kutoka Tunduma. Chanzo kisipoonekana, daktari huuliza kuhusu ndugu waliowahi kuganda damu, vidonge vya uzazi wa mpango, mimba zilizoharibika, na kwa watu wazima hutafuta saratani ya figo.

Matibabu ni dawa za kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa miezi. Anayetumia warfarini hurudi kupimwa damu mara kwa mara, na hapewi aspirini ya dukani kwa sababu ya kichwa tu.