Baada ya Kura: Amani ni Tunda la Haki

Tarehe 1 Novemba 2025, Sherehe ya Watakatifu Wote, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilimtangaza Samia Suluhu Hassan mshindi wa urais kwa asilimia 97.66 ya kura. Takwimu hiyo haisomwi peke yake. Tundu Lissu wa CHADEMA alikamatwa Aprili huko Mbinga, mkoani mwetu Ruvuma, akashtakiwa kwa uhaini. Chama chake kikazuiwa kushiriki kwa kutosaini kanuni za maadili. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye alienguliwa. Siku ya kura, 29 Oktoba, damu ilimwagika.

Sisi waamini wa Mjimwema, tunapowaombea marehemu mwezi huu, tudai pia ukweli juu ya vifo hivyo, pasipo kisasi. Kwani amani ni tunda la haki.